Nundu wa Kitabuni na Nunda wa Sultani

Katika Fantastic Beasts and Where to Find Them, kitabu cha J.K. Rowling chenye orodha ya wanyama wa ajabu wa ulimwengu wa Harry Potter, yumo ngiri aitwaye Tebo. Ana rangi ya majivu, anaweza kutoweka machoni pa watu, ni mkali, na ngozi yake inatafutwa sana na wachawi kwa kutengenezea ngao na mavazi ya kujikinga. Anapatikana wapi? Kitabu kinajibu bila kusita: Kongo na Zaire. Kitabu hicho kilitoka Machi 2001. Zaire ilikuwa imefutwa Mei 1997, wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila walipoingia Kinshasa na Mobutu akatoroka. Anayetaka kumtetea mwandishi atasema kwamba, ndani ya hadithi, kitabu kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1927. Hilo nalo halisaidii, maana mwaka 1927 hapakuwa na Zaire, palikuwa na Kongo ya Wabelgiji. Atasema basi hili ni toleo la 52, limekuwa likirekebishwa miaka yote hiyo. Sawa, ila aliyekuwa akirekebisha alifika kwa Mobutu akaweka kalamu chini.

Ni kosa dogo, na kitabu cha kuchekesha kilichoandikwa kwa ajili ya hisani hakistahili rungu kwa kosa la jiografia. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha mahali ambapo jicho la J.K. Rowling lilikuwa limesinzia. Fantastic Beasts and Where to Find Them ni kitabu chembamba chenye akili nyingi, tena akili ya kejeli, kila kinapowatazama watu wanaojipa kazi ya kuwapanga wanyama kwenye madaraja. Kikivuka Sahara kuja kusini, kejeli karibu yote inazimika. Wanabaki wanyama peke yao: wakubwa, wakali, wasio na jirani wala historia.

Jina la kitabu lilitangulia kitabu chenyewe. Mwaka 1997, katika riwaya ya kwanza ya Harry Potter, lilikuwa jina tu kwenye orodha ya vitabu ambavyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Hogwarts, shule ya uchawi, anatakiwa kununua. Miaka minne baadaye shirika la hisani la Comic Relief lilikuwa na haja ya fedha, na Rowling akaandika vitabu viwili vidogo vya shule vya kubuni, hiki na kingine cha mchezo wa Quidditch. Cha wanyama alikitia jina la Newt Scamander, mtaalamu wa kubuni aliyezaliwa 1897, ambaye anatuambia kwamba mwaka 1918 mchapishaji Augustus Worme alimwomba aandike kitabu, naye akaruka kwa furaha kwa sababu mshahara wake wizarani ulikuwa Sickle mbili kwa wiki. Mtumishi wa umma anayetafuta kipato cha pembeni: hapo msomaji yeyote wa kwetu anamwelewa Newt papo hapo. Uingereza kitabu kiliuzwa pauni 2.50, na zaidi ya asilimia 80 ya bei ya jaladani ikaenda kwenye hisani.

Ujanja wa toleo la 2001 ni kwamba tunashika nakala ya Harry mwenyewe. Rafiki yake Ron anaitumia pia kwa sababu yake imechanika, na pembeni mwa kurasa wao na mwenzao Hermione wamechorachora kama wanafunzi wanavyochora. Wizara ya Uchawi hupima hatari ya kila mnyama kwa alama za X, kuanzia moja, yaani mnyama asiyesisimua, hadi tano, yaani muuaji wa wachawi asiyefugika wala kufunzwa. Pembeni ya maelezo ya X tano mmoja wao ameandika: au chochote anachokipenda Hagrid, yule mtunza misitu wa shule anayependa wanyama hatari. Kwenye ingizo la Acromantula, buibui mkubwa wa Borneo anayejua kuongea, mkono uleule wa kitoto umeongeza X nyingine kadhaa, kwa kuwa wenye nakala walishakutana naye na wanaona serikali imekadiria chini. Kwenye ukurasa wa watu wanaogeuka mbwamwitu kuna utetezi mfupi kwamba si wote ni wabaya.

Hayo maandishi ya pembeni ndiyo roho ya kitabu. Yanamwambia msomaji mdogo kwamba kitabu cha shule kinaweza kubishiwa, kwamba kuna anayepanga madaraja na kuna anayeishi na matokeo yake, na wawili hao mara nyingi hawakubaliani. Toleo jipya la 2017 liliyaondoa. Likaongezewa dibaji ya Newt na wanyama sita wa Amerika Kaskazini, kwa sababu filamu ya kwanza iliyobeba jina la kitabu, ya mwaka 2016, ilikuwa imempeleka Newt New York. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa biashara mbaya: wanyama sita kwa kubadilishana na watoto watatu wanaobisha.

Lakini sehemu tamu kuliko zote haina mnyama hata mmoja wa kumtazama. Ni utangulizi, pale Newt anapoeleza jinsi wachawi walivyohangaika karne kwa karne kuamua nani ahesabiwe mnyama na nani ahesabiwe mwenye hadhi mbele ya sheria. Katika karne ya 14, Burdock Muldoon, mkuu wa Baraza la Wachawi, alitoa kipimo rahisi: anayetembea kwa miguu miwili ana hadhi, waliobaki ni wanyama. Akaitisha mkutano wa wenye hadhi wote. Goblini, ambao ni mabingwa wa kuikomoa serikali, wakaja na kila kiumbe cha miguu miwili walichoweza kukikusanya. Ukumbi ukajaa ndege wanaolia, wengine wanaopiga kelele za kuumiza masikio, na majitu yanayovunja kuta kwa marungu. Mkutano ukafa.

Akaja Elfrida Clagg na kipimo kingine: lugha. Anayeweza kuongea na wajumbe wakamwelewa, huyo ana hadhi. Goblini wakayafundisha majitu sentensi mbili tatu, na majitu yakarudi ukumbini kubomoa kama kwanza. Wakaja na Jarvey, wanyama kama nguchiro wakubwa wenye midomo michafu, ambao kazi yao ukumbini ilikuwa kuuma watu vifundo vya miguu. Mizuka, waliokuwa wameachwa nje zamani za Muldoon kwa hoja kwamba wao hawatembei bali huelea, walikaribishwa safari hii, wakaondoka kwa hasira kwamba kikao kinawajali mno walio hai. Sentauri, nusu mtu nusu farasi, wakasusa kwa sababu watu wa majini walinyimwa nafasi: nje ya maji sauti yao haieleweki.

Ni mwaka 1811 tu ndipo Waziri Grogan Stump alipopata kipimo kilichodumu. Mwenye hadhi ni yule mwenye akili ya kutosha kuzielewa sheria za jamii na kubeba sehemu ya wajibu wa kuzitunga. Hapo majitu yakarudishwa kwenye zizi la wanyama, na sentauri wakafanya jambo lisilotarajiwa: waliposikia watakaokuwa nao kundi moja, wakaomba wenyewe kuitwa wanyama. Wizara iliwafungulia ofisi ya mahusiano ambayo hakuna sentauri aliyewahi kukanyaga, hivi kwamba wizarani ukiambiwa umehamishiwa ofisi ya sentauri, ujue barua ya kufukuzwa iko njiani. Na wale wanaogeuka mbwamwitu wana ofisi mbili kwa mpigo, ya kuwasaidia katika idara ya wenye hadhi na ya kuwakamata katika idara ya wanyama.

Mtu aliyeandika kurasa hizo anajua jambo zito: mstari kati ya mtu na mnyama huchorwa na mwenye kalamu, huchorwa vibaya, na wanaochorwa hujibu. Ndiyo maana inauma kuona anavyosahau alichokijua anapofika huku.

Wanyama wake wa Kiafrika ni wengi kiasi. Yuko Erumpent, wa kijivu, uzito hadi tani moja, ambaye kwa mbali utamdhani kifaru; uchawi mwingi haupenyi ngozi yake, na pembe yake ina majimaji yanayolipua chochote yanapoingia. Idadi yao haiongezeki kwa sababu madume hulipuana msimu wa kutafuta majike. Yuko Streeler, konokono mkubwa anayebadilika rangi kila saa na kuacha njia ya sumu. Yuko Fwooper, ndege wa rangi kali ambaye wimbo wake humtia msikilizaji wazimu. Tebo tumeshaonana naye. Yuko Runespoor, nyoka wa vichwa vitatu wa Burkina Faso: kichwa cha kushoto hupanga safari, cha kati huota ndoto, cha kulia hukosoa, na mara nyingi huyo mkosoaji hana maisha marefu kwa kuwa wenzake wawili huungana wakamng'ata mpaka akatoka. Na yuko Nundu wa Afrika Mashariki, anayesemwa huenda ndiye mnyama hatari kuliko wote duniani: chui mkubwa mno, anayetembea bila kishindo, ambaye pumzi yake ina maradhi ya kufuta kijiji kizima, na ambaye hajapata kushindwa na wachawi walio pungufu ya mia moja.

Tazama sasa ingizo la Fwooper kwa karibu. Ndege ni wa Afrika. Mtu pekee anayepata jina na hadithi katika ingizo hilo ni Uric, mchawi kichaa wa Ulaya, aliyejaribu kuthibitisha kwamba wimbo wa Fwooper una manufaa kwa afya. Aliusikiliza miezi mitatu mfululizo, kisha akaenda kutoa ripoti barazani akiwa hana nguo, kichwani amevaa nywele za bandia ambazo zilikuja kugundulika ni nyegere aliyekufa. Nimecheka kila nilipoisoma. Bado swali linabaki: waliokuwa wakiishi na ndege huyo kabla hajapelekwa Ulaya walifanyaje? Walikuwa na masikio, bila shaka. Kwenye ingizo la Erumpent tunaambiwa wachawi wa Kiafrika humwendea kwa uangalifu mkubwa, basi. Burkina Faso ndiyo imependelewa: imepewa Wizara ya Uchawi yake, iliyotenga misitu isiyoonekana kwenye ramani yoyote kwa ajili ya nyoka wao. Sentensi moja, na ghafla nchi ina serikali, sera na mipaka. Kumbe iliwezekana.

Ulinganisho unaoumiza zaidi ni huu. Nundu ana X tano. Kuna mwingine mwenye X tano, Quintaped, mnyama wa miguu mitano na manyoya mekundu, mla watu, anayeishi kisiwa cha Drear nje ya ncha ya kaskazini ya Scotland. Kwa hatari wako daraja moja. Lakini soma alichopewa Quintaped. Zamani kisiwa kilikaliwa na koo mbili za wachawi, McClivert na MacBoon. Wakuu wa koo hizo, Dugald na Quintius, walipigana wamelewa, Dugald akafa. Usiku mmoja wa kwake wakazizunguka nyumba za MacBoon na kuwageuza wote kuwa majinamizi ya miguu mitano. Wakagundua wamechelewa kwamba MacBoon wa miguu mitano ni wabaya kuliko wa miguu miwili, maana waliliwa hadi wa mwisho. Leo hakuna aliyebaki wa kuwarudisha katika umbo la binadamu, na kila wizara inapojaribu kumkamata mmoja ili kumsaidia, wanakataa kata kata. Inaonekana wameridhika.

Hiyo ni hadithi. Ina pombe, kisasi, jamaa, serikali inayotaka kusaidia wasiotaka msaada. Mnyama wa Scotland ana sababu ya kuwa alivyo, na sababu hiyo ni watu. Mnyama wa Afrika Mashariki ana pumzi tu. Kijiji kinachofutwa hakina jina, wachawi mia hawana mji wala kiongozi, na hakuna anayeuliza alitoka wapi. Isitoshe, filamu ya 2016 iliyafuta hata hayo machache: ndani ya sanduku la Newt yumo Nundu, safari hii na manyoya shingoni yanayotanuka anaponguruma, akilishwa chakula na Newt peke yake. Wale wachawi 99 wengine sijui walikwenda wapi.

Msomaji wa pwani akikutana na jina hilo hahitaji kuchorewa ukoo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Ndani yake imo hadithi ya Sultani Majnuni, na ndani ya hadithi hiyo yumo nunda, mla watu. Mwaka 1901 Andrew Lang aliichukua akaiweka katika moja ya vitabu vyake vya hadithi za watoto, na tangu hapo nunda amekuwa akisomwa Uingereza kwa zaidi ya karne moja.

Nunda huyo hakutoka porini. Alikuwa paka wa Sultani. Alianza kwa kukamata mfugo mdogo. Watu wakaenda kushtaki, Sultani akajibu kwamba paka ni wake na mfugo ni wake. Paka akapanda, akala mkubwa zaidi. Jibu likawa lilelile. Akamaliza zizi. Akakamata mtoto wa mtu, akakamata mtu mzima, na bado ikulu haikuona sababu ya kumgusa. Siku alipowarukia wana wa Sultani mwenyewe ndipo baba akafunguka macho na kusema huyu si paka tena, huyu ni nunda. Ungeweza kusema: wananchi walishatoa taarifa mara saba, faili likakaa mezani.

Anayekwenda kumwua ni mtoto wa mwisho, aliyekuwa akidharauliwa na baba. Hajui nunda anafananaje. Anaua mbwa, anamburuta hadi nyumbani akiimba kwamba amemwua nunda, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Anarudi porini, anaua fungo, siye. Punda milia, siye. Twiga, kifaru, tembo, wote si wenyewe. Kila mara mama anamsihi aache, na kila mara mtoto anaondoka tena. Mwishoni anamkuta amelala, na anamtambua kwa alama alizoambiwa: masikio madogo, madoa kama ya fungo, mkia mnene. Yaani ndani ya hadithi yetu kuna kitabu cha wanyama tayari, kimehifadhiwa kichwani mwa mama, na kinatumika kama kitabu cha wanyama kinavyopaswa kutumika: kumzuia mtu kuua asiyestahili. Amechelewa kidogo, twiga na tembo wameshakufa, lakini mfumo upo.

Ukimpima Sultani Majnuni kwa kipimo cha Waziri Stump, akili ya kuelewa sheria na utayari wa kubeba wajibu wake, Sultani anafeli na kupelekwa idara ya wanyama. Huo ndio utani ambao utangulizi wa Newt uliuandaa kwa ustadi mkubwa, na ambao ingizo la Nundu liliupita bila kuuona. Mnyama alichukuliwa, mwenye mnyama akaachwa.

Na si hadithi za kale tu. William Hichens, ofisa wa kikoloni aliyefanya kazi Lindi, aliandika katika miaka ya 1930 kuhusu mngwa, mnyama wa kijivu aliyesemwa kuua watu usiku katika pwani ya kusini, akiwemo askari wa lindo aliyekutwa maiti na manyoya ya kijivu mkononi. Hichens ndiye huyohuyo aliyehariri utenzi wa Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya Muyaka mwaka uliofuata, kwa hiyo alikuwa na masikio ya kusikiliza wenyeji. Tukija karibu zaidi, popobawa, jinamizi la usiku, alipotikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi, na wapo waliomsoma kisiasa tangu siku ya kwanza. Majinamizi ya kwetu huja na anwani. Huulizwa nani kawaleta, nani ananufaika, mbona wako mtaa ule na si huu.

Najua nitaambiwa nini. Kwamba hiki ni kitabu cha watoto, cha kurasa zisizozidi mia, kilichoandikwa haraka kwa ajili ya hisani. Na kwamba Newt ni kejeli ya wale wanasayansi wa enzi za ukoloni waliozunguka na madaftari wakiandika kila kitu isipokuwa majina ya waliowabebea mizigo, kwa hiyo upungufu ni wa mhusika, si wa mwandishi. Hoja hii ya pili ingenishawishi kama kitabu kingeonyesha popote kwamba kinajua. Kejeli huacha alama. Pale Mauritius imeacha: ndege anayeitwa Diricawl ndiye yule tunayemjua kama dodo, na kumbe hakutoweka, ana uwezo wa kuyeyuka hatari inapokaribia, wachawi wameamua kutowaambia wanadamu wa kawaida kwa sababu imani kwamba waliwamaliza imewafundisha kuogopa kuua ovyo. Katika mistari michache dhambi ya mabaharia wa Ulaya imepata mwenyewe, na imepata adhabu ya kuchekesha. Kwa Nundu, Tebo na Erumpent hakuna alama kama hiyo. Na Newt mwenyewe, katika filamu tatu zilizotoka 2016, 2018 na 2022, si mtu wa kejeli. Ni shujaa mpole anayewapenda wanyama kuliko watu, na kamera inakubaliana naye.

Hoja ya hisani ndiyo inayonifikirisha zaidi. Comic Relief ilianzishwa mwaka 1985 na Richard Curtis na Lenny Henry, njaa ya Ethiopia ikiwa ndiyo iliyowasukuma, na sehemu kubwa ya fedha zake imekuwa ikija Afrika. Kwa hiyo mtoto wa Leeds aliyenunua kitabu kwa pauni 2.50 alikutana na Afrika mara mbili katika kijitabu kimoja: mara moja kama makazi ya wanyama wanaoua, mara nyingine kama watoto wanaohitaji msaada wake, waliotajwa katika dibaji ya Dumbledore, mkuu wa Hogwarts. Hakukutana nayo kama mahali penye mtu anayeongea. Simlaumu mtoto, na fedha zilikuwa halali na zilifanya kazi. Lakini picha mbili hizo zikiwekwa pamoja zinatoa picha moja, ya zamani sana.

Jambo la kuvutia ni kwamba shirika lenyewe lilikuja kubadilika. Mwaka 2019 mbunge David Lammy aliikosoa Comic Relief hadharani kwa picha ya mtangazaji wa Uingereza akiwa Uganda amembeba mtoto, akisema inarudia sura ya Mzungu mwokozi. Ubishi ulikuwa mkali, matusi hayakukosekana. Oktoba 2020 shirika likatangaza kwamba halitapeleka tena watu mashuhuri Afrika kwa filamu zake na kwamba kazi hiyo itafanywa na watengenezaji filamu wa hukuhuku. Hata waomba sadaka walikubali kwamba anayesimulia ana uzito.

Rowling naye alijaribu kuziba pengo kwa njia yake. Mapema mwaka 2016 alitangaza Uagadou, shule ya uchawi iliyo kwenye Milima ya Mwezi, yaani Rwenzori, kubwa kuliko zote duniani. Mwanzoni ilielezwa kuwa Afrika tu, wasomaji wakauliza Afrika ipi, akafafanua kwamba ni Uganda. Wanafunzi wake wanafanya uchawi kwa vidole bila fimbo na wanasifika kwa kujigeuza wanyama, na aliyerithi cheo cha kimataifa cha Dumbledore, Babajide Akingbade, alisoma huko. Ni hatua, na jina la Akingbade pekee lina uzito kuliko wale wachawi mia wasio na majina. Ila wakati huo haya yalibaki kwenye maandishi ya mtandaoni. Mwaka uliofuata kitabu kilipofunguliwa upya, nafasi za nyongeza zilikwenda Amerika Kaskazini. Hakuna aliyewatuma walimu wa Uagadou waende wakasahihishe ukurasa wa Nundu, ingawa kutoka Rwenzori hadi anakoishi si mbali.

Sidhani tunapaswa kukaa tukisubiri toleo la 53. Filamu tano zilizoahidiwa ziliishia tatu: ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 800, ya tatu nusu ya hapo, na studio ikanyamaza. Wakati huohuo Steere alifariki mwaka 1882, hadithi alizochapisha ni mali ya umma, na Kiswahili chake cha Unguja kinasomeka mtandaoni bila kulipa senti. Mwandishi wa kwetu anayetaka kutengeneza kitabu chake cha wanyama, kwa watoto au kwa watu wazima, ana ingizo la kwanza tayari, na Quintaped amemwonyesha namna ya kuliandika: aanze na yule mlalamikaji wa kwanza aliyefika barazani kwa Sultani, ampe jina na idadi ya kuku au mbuzi alioibiwa, aandike jibu alilopewa, na mnyama amweke aya ya nne au ya tano. Kuhusu alama za X, atazame vizuri aziweke kwa nani.